Nguchiro Asiyekimbia

Merigi
Jumatano, 26 Novemba 2025

Kwa ndugu yangu Bethwel,

Chamgei mising. Natumaini barua hii itakufikia kabla mchuzi haujaifikia, na kwamba wewe na vijana wote mmeamka salama. Huku nyumbani sisi ni wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, na majani ya chai yamechipuka mpaka nashindwa kuyachuma peke yangu.

Barua nimeiweka chini ya kifuniko cha sufuria ya ugali. Simu mmezikataza huko menjo, na mimi mwanamke siwezi kusogea karibu na nyumba ya vijana waliotahiriwa mpaka mtakapowatoa, kwa hivyo imebaki njia ya tumbo. Weldon anayewabebea chakula ni mtu mzuri, lakini ukimtuma kwa mdomo hufikisha nusu, na nusu nyingine anaimeza njiani.

Bethwel, najua mipaka yangu. Tangu mlipomchukua mwanangu Kipkemoi na wenzake sijakanyaga ng'ambo ya mto. Nikiwa kwenye chai nikauona moshi wenu juu ya miti, nainamisha kichwa naendelea kuchuma. Sitakuuliza mnawafundisha nini. Nauliza jambo moja tu. Jana haikuwa zamu yangu ya kupika, lakini Weldon alisimama hapa kwangu, akaomba sabuni na kitambaa safi. Nikamuuliza kitambaa cha nini. Akasema, "Ni ya mtu mmoja aliumia kidogo, lakini ako sawa." Nikauliza ni nani. Akapiga pikipiki teke akaenda.

Mna vijana sita huko, na mama zao sita tuko huku. Kwa nini kitambaa kiombwe kwangu?

Niambie kama ni mtoto wangu. Sina mwingine, na tangu baba yake alipolala wewe ndiye umesimama mahali pake. Sikulala vizuri jana.

Dada yako,
Christabel


Menjo
Alhamisi, 27 Novemba

Kwa dada yangu mpendwa,

Chamgei sana. Mimi niko salama kabisa, labda wewe uliye na mapanya ya wasiwasi tumboni. Ugali wa jana uliisha hadi ukoko, na ukoko huo karibu ulete vita. Mungu awabariki nyinyi mama zetu.

Ndiyo, ni Kipkemoi. Tulia, usiangushe barua kwenye moto. Alidungwa na mwiba mkononi tulipokuwa msituni, kidonda ni kidogo kuliko kucha yangu. Weldon naye kwa kuongeza chumvi, angeweza kuajiriwa redioni. Kijana anakula, analala, na juzi aliwashinda wenzake kwa shabaha ya upinde. Ana mkono wa marehemu baba yake.

Wewe unajua kazi yangu hapa. Hawa watoto wametoka mashuleni wakiwa wanalilia chaja. Sisi tunawafundisha kwamba mwanamume haguswi na kitu kidogo akapiga mayowe. Kwa hivyo nikuombe, kwa upendo, usimlilie ukiwa huko, maana machozi ya mama hupita kwenye chakula. Chuma chai yako. Tukimaliza hapa utakabidhiwa mtu mzima.

Ndugu yako,
Bethwel


Merigi
Ijumaa, 28 Novemba

Ndugu yangu Bethwel,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Leo ni zamu yangu tena ya kupika, na Weldon alipokuja sikumpa sufuria. Niliishika kwa mikono miwili nikamwambia chakula hakitoki hapa mpaka aseme. Alizunguka zunguka, akaangalia pikipiki yake, mwisho akasema, "Mama Kipkemoi, mimi sijui mwiba gani uko na meno."

Meno, Bethwel!

Sasa nisikilize. Jirani yangu Chepchirchir alinieleza jambo kwenye kituo cha kupima majani, na sote tukacheka. Anasema Jumatatu, mchana kweupe, nguchiro aliingia kwenye boma la ndama wake. Tunawajua nguchiro, hawa wadogo wa mkia mrefu wanaotumalizia mayai. Mtu akikohoa tu wameshaingia kichakani. Huyu hakukimbia. Alitembea kama mlevi, akamrukia ndama akamuuma puani. Chepchirchir alimpiga kwa ufagio, na badala ya kutoroka akaung'ata ufagio. Halafu akaondoka polepole akielekea mtoni, upande wenu.

Tulicheka wakati huo. Sasa sicheki. Niambie ukweli, ni kitu gani kilimuuma mtoto wangu?

Chakula nimetuma, vijana hawana kosa.

Dada yako,
Christabel


Menjo
Ijumaa jioni, 28 Novemba

Dada yangu,

Pole kwa mashaka. Nilikuficha kwa sababu ninakujua, wewe hupika sufuria ya wasiwasi na kuipakua kabla haijaiva. Lakini kwa vile umeshika sufuria ya vijana mateka, basi nitasema.

Ilikuwa hiyo hiyo Jumatatu. Tulikuwa tumewatoa kuwinda ndege, kama ilivyo kawaida yao. Nguchiro akatokea njiani mbele yetu, akasimama. Hakutuogopa. Vijana wakasema amejileta, na Kipkemoi akamshika kwa mkono mtupu kabla sijasema neno. Wenzake walimshangilia. Ndipo mnyama akageuka akamuuma hapa kati ya kidole gumba na cha pili, na hakutaka kuachia. Tulimtoa kwa nguvu, tukamuua, tukamtupa.

Christabel, yule mtoto hakutoa sauti. Alinitazama tu, macho makavu. Nilitamani baba yake angekuwepo.

Kidonda tulikisagia mkaa wa mti wa senetwet, huu huu mnaosafishia vibuyu vya maziwa, tukakijaza vizuri na kukifunga. Mkaa unaolinda maziwa ya mursik mwezi mzima usioze utashindwa na tundu mbili za nguchiro? Kinaanza kufunga. Ni kama kuumwa na paka. Usiende kulitangaza kanisani.

Ndugu yako,
Bethwel


Merigi
Jumamosi, 29 Novemba

Bethwel,

Salamu. Hujambo.

Sikulitangaza kanisani. Nimelipeleka dispensari. Alfajiri nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikimngoja Oyugi, yule tabibu wetu wa dispensari kutoka upande wa ziwa. Nilipomwambia nguchiro asiyekimbia, aliweka chini kikombe chake cha chai. Akauliza, "Mama, kidonda kilioshwa?" Nikasema kimejazwa mkaa. Akafumba macho. Mimi nilidhani anaomba.

Anasema mnyama wa porini akipoteza woga, mara nyingi ni kichaa, ule ule ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Uko kwenye mate yake, na kwa mkaa mmeufungia humo ndani. Kifungueni kidonda leo. Mkioshe kwa sabuni, maji yakitiririka, robo saa nzima, hata kama kimefunga, hata kama anaumia. Msikifunge tena. Halafu apigwe sindano za chanjo, si moja, ni kadhaa zenye tarehe zake. Nikamuuliza, na kama tukingoja tuone? Akaniambia, bila kunipaka mafuta, kwamba huu ugonjwa ukishajionyesha hakuna hospitali duniani inayoweza kuurudisha. Ukimwona mtu anaogopa maji, basi mnamngojea tu.

Sentensi hiyo nimeipigia mstari, uione.

Mtoe mtoto leo. Mfunike blanketi, mpandishe pikipiki ya Weldon. Nitakaa mbali, sitamtazama, naapa mbele za Mungu.

Dada yako,
Christabel


Menjo
Jumapili, 30 Novemba

Kwa dada Christabel,

Natumaini umetoka ibada salama.

Kidonda tumekifungua na kukiosha kama ulivyosema, yale maji yametiririka mpaka mkono wa kijana ukawa baridi. Nimekosea kwa mkaa, sikujua. Babu yetu alitibiwa hivyo, na baba, hata mimi.

Lakini kumtoa, hapana. Usinikasirikie, soma mpaka mwisho. Pale dispensari wauguzi wote ni akina mama. Hospitali za mjini ni hivyo hivyo, foleni nzima ni akina mama na watoto. Kijana hawezi kuonekana na wanawake kabla ya siku yake. Akionekana, ametoka menjo kupitia dirishani, na jina hilo atalibeba mpaka uzeeni. Atakapotaka kuoa wataulizana, huyu si yule aliyekimbilia sindano? Oyugi ni mwanamume, sawa, na ninamheshimu, alimtibu mke wangu vizuri. Lakini yeye hakupitia njia hii yetu, hawezi kuingia humu. Nimewauliza wazee. Wamesema tungoje, tuombe.

Mimi pia nampenda, Christabel. Usifikiri unampenda peke yako.

Ndugu yako,
Bethwel


Merigi
Jumatatu, 1 Desemba

Bethwel,

Habari ya huko. Mimi niko hivyo hivyo.

Wazee wamesema mngoje. Waambie nimewasikia. Mimi sikungoja. Dispensari haina hiyo chanjo, kwa hivyo Oyugi aliniandikia karatasi, na leo nimekwenda mpaka Kericho. Chai yangu imekomaa shambani, ikomae. Mahali pa kwanza walisema imeisha. Pa pili walisema nirudi wiki ijayo. Pa tatu mama mmoja wa duka la dawa alinitazama usoni, akaingia stoo, akatoka nayo. Wamenipa ya mtu mmoja, basi. Nimeibeba kwenye ndoo ya plastiki yenye barafu, nikiipakata kama mtoto mchanga, na kila gari lilipopunguza mwendo nilitaka kushuka nikimbie mwenyewe.

Sasa usikie mpango, na usiniletee wazee. Hakuna atakayeingia kwenu, na hakuna atakayetolewa mbele ya wanawake. Kuna pale mtoni ng'ombe wanaponyweshwa. Upande wenu kuna mianzi. Keshokutwa asubuhi Oyugi atakuja peke yake, asimame kwenye mawe upande wetu. Wewe mlete kijana, umfunike blanketi kichwa mpaka magoti, atoe mkono tu. Mimi nimezungumza na akina mama wote wa huku juu. Hakuna ndoo itakayokwenda mtoni asubuhi hiyo. Chepchirchir mwenyewe atasimama njiani awarudishe watakaosahau.

Nilimwomba Oyugi radhi kwa usumbufu wa mila zetu. Akasema, "Mama, mimi ninahitaji mkono tu. Uso wake wakae nao."

Umebakiwa na sababu nyingine?

Dada yako mkubwa,
Christabel


Menjo
Jumatano, 3 Desemba

Dada yangu, jemadari,

Chamgei, na tena chamgei. Imefanyika.

Tulifika kwenye mianzi umande ukiwa bado haujakauka. Oyugi alikuwa ameshafika, amekunja suruali, amesimama kwenye jiwe ndoo yako ikiwa miguuni. Alipotuona aligeuka akatazama upande mwingine mpaka nilipomwambia tuko tayari, na hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Mkono ukatoka kwenye blanketi, sindano ikaingia, kwisha. Kipkemoi alinong'ona, "Na mamangu ako sawa?" Sikupaswa kukuambia hilo. Nimekuambia.

Kisha daktari akageuka tena mpaka tukapotea kwenye mianzi. Atarudi kwa hizo nyingine, zile tarehe nimezikariri. Wazee nimewaeleza baada ya kazi kwisha. Mmoja alinung'unika, mwingine akauliza kama kuna ya kutibu goti.

Sasa lala. Mimi nitalala pia.

Ndugu yako,
Bethwel


Merigi
Alhamisi, 4 Desemba

Ndugu yangu mpendwa,

Asubuhi ya leo nimeimba nikikamua, ng'ombe akageuka kunitazama. Asante. Asante hata kwa lile ambalo hukupaswa kuniambia. Nimelisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea.

Nilikuwa naogopa kwa namna ambayo sikuweza kuiandika. Tangu tulipomzika baba yake nimekuwa nikimhesabu Kipkemoi kila anapovuka barabara. Sasa naweza kupumua.

Oyugi anauliza swali moja. Kuna mtu mwingine aliyeguswa na yule mnyama? Kijana mwingine, au wewe? Anasema hata mkwaruzo. Anatafuta chanjo zaidi, kwa hivyo nijibu upesi.

Dada yako,
Christabel


Menjo
Ijumaa, 5 Desemba

Dada mpendwa,

Tumshukuru Mungu. Vijana wengine nimewakagua mmoja mmoja, vidole hadi nyayo. Hakuna aliyeguswa. Mwambie Oyugi asisumbuke.

Leteni chumvi zaidi, na ile mboga ya kienyeji yenye maziwa mlioleta juzi. Vijana wameota mashavu.

Ndugu yako,
Bethwel


Merigi
Ijumaa, 12 Desemba

Bethwel,

Nakusalimu. Keti kwanza.

Ndama wa Chepchirchir amekufa. Alianza kwa kulia usiku na mchana, sauti imekauka kama ya mzee. Kisha mate yakawa yanamtoka bila kukatika, na alipowekewa maji alitetemeka akajigonga ukutani. Afisa wa mifugo alikuja, akatuzuia tusimguse, na alipokwisha kufa alichukua kichwa kwenda kukipima. Hakutaka kusubiri majibu ili aseme. Alisema ni kichaa, na boma lote likachomwa nyasi.

Kwa hivyo haikuwa paka, Bethwel. Kilichomuuma Kipkemoi kilikuwa kifo chenyewe chenye mkia, na kama si ule mkono kutoka kwenye blanketi, leo ningekuwa naandika nini?

Sasa jambo lililoniketisha. Oyugi alikuja hapa nyumbani jioni baada ya kusikia habari za ndama. Akaniuliza, "Mama, yule mnyama alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kijana. Nani alimbandua?" Nikasema, ndugu yangu aliandika kwamba walimtoa. Akasema, "Siku ya kwanza pale mtoni aliyemshika kijana alikuwa na kitambaa kwenye kidole. Nikamuuliza. Aliniambia ni panga."

Ni panga, ndugu yangu?

Nakumbuka nilivyokuuliza. Ulinijibu kwamba vijana umewakagua. Nimekaa jikoni nikatambua kwamba hukusema neno juu yako mwenyewe.

Dada yako,
Christabel


Menjo
Jumapili, 14 Desemba

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara tatu. Natumaini u mzima.

Si panga. Nilipanua taya za yule nguchiro kwa vidole vyangu, hakukuwa na njia nyingine, na alipoachia mkono wa mtoto akashika wangu. Si sana, ni mkwaruzo na tundu moja. Niliuosha mtoni.

Usinipigie kelele. Ulikuwa umepata chanjo ya mtu mmoja. Uliandika mwenyewe. Ningesema pale kwenye mawe, Oyugi angefanya nini, atupimie kwa kijiko? Mtoto kwanza. Hilo silijutii, na ukiniuliza kesho nitajibu hivyo hivyo.

Na baadaye, sasa. Baadaye nilikuwa nimeshasema panga. Kila usiku ninawaambia hawa vijana sita kwamba mtu mzima havunjiki kwa maumivu madogo. Wameniamini. Niende mimi nikimbilie sindano kwa mkwaruzo? Tena mwenzangu wa kuwalinda amefiwa, amekwenda Chepseon kwa mazishi, nimebaki peke yangu. Tumebakiza siku chache tuwatoe. Mlezi haachi vijana mlangoni. Tangu lile jambo mpaka leo nimekula, nimelala, sina homa. Kama lingekuja lingekuwa limekuja.

Tukishawatoa nitakwenda. Nimekuahidi. Kipkemoi amemaliza sindano zake zile za muhimu, daktari ameridhika. Hilo ndilo tulilokuwa tukilipigania.

Ndugu yako,
Bethwel


Merigi
Jumatatu, 15 Desemba

Bethwel,

Leo sikuulizi habari. Nimetoka kwa Oyugi, na nimemsomea barua yako yote.

Amesema "kama lingekuja lingekuwa limekuja" ndiyo maneno ambayo wengi wameyasema wakiwa wamebakiza siku chache. Huu ugonjwa hautembei kwa damu, unapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu, toka kidoleni kwenda kichwani. Kwa mwingine wiki mbili, kwa mwingine miezi. Huwezi kuusikia ukipanda. Ukiusikia umefika. Leo chanjo bado inaweza kuuwahi. Kesho labda. Hizo siku chache zako hakuna anayezijua isipokuwa Mungu, na Mungu hakukuandikia.

Chanjo yako iko, Oyugi anayo dispensari, ilifika Alhamisi. Kwa hivyo hiyo habari ya kijiko imekwisha.

Umewafundisha vijana kuvumilia maumivu. Vizuri. Lakini mficha maradhi, kifo humfichua, na wewe utafichuliwa mbele yao. Unajua watakachokiona? Watamwona mlezi wao amefungwa kamba kitandani akiogopa kikombe cha maji. Kipkemoi atajua ulikufa kwa kupanua taya zilizokuwa mkononi mwake. Unataka abebe hilo? Baba mmoja nimeshamzika. Huyo wa pili simziki kwa sababu ya kuona haya.

Nilikuwa msichana mdogo mama alipokufunga mgongoni mwangu akaenda kuchuma majani. Ulinikojolea mpaka nilipofika umri wa kuona aibu. Ulipokataa kula nilikutafunia. Usiniambie habari za mtu mzima.

Basi sikia. Oyugi atakuwa mtoni kesho asubuhi, pale pale kwenye mawe. Umletee kidole. Weldon ni mtu aliyepitia menjo, anaweza kukaa na vijana kwa muda wa sindano. Na kama jua likipita juu ya mianzi hujatokea, nitavuka.

Umesoma vizuri. Mimi, Christabel, binti wa nyumba yetu, mama wa kijana aliye ndani, nitavuka mto na nitapanda kwa njia yenu, na nitaingia menjo bila kufunika uso, nikiita jina lako. Nitawaona wote sita, nikianza na mwanangu. Najua ni nini. Najua hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo, na kwamba wazee watanitoza faini na kunitenga, na kwamba kazi yote mliyoifanya itakuwa imevunjika siku chache kabla ya kwisha. Kipkemoi anaweza asinisamehe. Nimeyafikiria yote nikiwa nimekaa hapa, na sijayaogopa kama ninavyoogopa yale ya ndama.

Hiki si kitisho cha mama wa wasiwasi. Wewe unanijua.

Dada yako,
Christabel


Menjo
Jumanne, 16 Desemba, asubuhi

Dada,

Weldon atakupa hii mkononi, kisha arudi haraka akae na vijana.

Niko kwenye mianzi. Nakuona. Umeshavua viatu na umefunga leso kiunoni, na Oyugi anakusihi na humsikilizi.

Vaa viatu, Christabel. Natoka.

Ndugu yako,
Bethwel